Nataka raifo ya bei nafuu ya kulinda shamba Sabaki, nina 68,000 tu. Nianzie wapi?

KijanaWaJilore
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mkulima mdogo kando ya mto Sabaki, upande wa Jilore. Ekari mbili na nusu: tikiti maji chini karibu na mto, mahindi juu, na miembe ya marehemu babu. Msimu uliopita viboko waliingia siku tatu kabla gari la mnunuzi halijafika. Usiku mmoja tu. Asubuhi nikakuta tikiti zimepasuka kama mayai yaliyokanyagwa, na nyayo kubwa kama sahani za pilau. Walichobakisha walikuja nyani kukimaliza mchana. Wamekaa kitako wanakula, wananitazama, kama wageni wa harusi.

Sasa nimeamua. Nina 68,000 za chama. Nataka bunduki, raifo hasa, si lazima iwe mpya. Nimetazama video nyingi YouTube. Kuna Mmarekani anaunganisha yake mwenyewe juu ya meza ya jikoni, vipande amevinunua kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi, na mwisho wake imemtoka karibu nusu ya bei ya dukani. Nikasema kumbe mtu wa pesa chache naye anaweza! Tena kuna fundi mmoja huku bara kaniambia atanitengenezea gobori kwa bei ya mbuzi wawili.

Nauliza: mtu wa mfuko mwembamba anafaa kuanza na aina gani? Ile ndogo ya .22 inatosha? Na ya upepo, hiyo si haihitaji karatasi? Msinicheke.

Mtaa_wa_Muyeye
Hatucheki kaka. Tunacheka nyani tu.

BahariYaNgomeni
Kaka pole sana. Kiboko na .22 ni kumtupia punje ya mchele ng'ombe wa maziwa. Utamkasirisha halafu utafute mti, na kando ya Sabaki miti yenyewe ni ya kuhesabu.

ShabahaYaZamani
Kijana, pole kwa hasara. Nimebeba silaha ya serikali zaidi ya miaka ishirini na nimewafundisha wengine kulenga, kwa hiyo niruhusu nikujibu kirefu kidogo.

Kwanza la karatasi, maana hapo ndipo unapotaka kuteleza. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha. Aliyekwambia haihitaji cheti amekudanganya, au amesoma sheria ya nchi nyingine. Na usidhani ukinunua vipande kimoja kimoja utakuwa bado hujanunua bunduki. Kwetu mtutu peke yake ni silaha, bolti (kile chuma cha kufungia risasi ndani) peke yake ni silaha, chemba (pale risasi inapokaa) peke yake ni silaha. Ukikutwa na mtutu mkavu umeufunga kwenye gunia la mahindi, mbele ya hakimu huna mtutu. Una bunduki. Kifungo chake ni cha miaka.

Pili hesabu. Watu huuliza bei ya bunduki, hawaulizi bei ya kuwa na bunduki. Utaanza na cheti cha tabia njema, 1,050 kwenye eCitizen na alama za vidole. Kisha maombi yenyewe, upimwe akili, ufundishwe kuishika na kuilenga, uhojiwe kuanzia kituo chako cha polisi kwenda juu, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo ya mwisho kusema ndiyo au hapana. Halafu sanduku la chuma la kuihifadhi, lile zito la kufungwa ukutani, si kabati la nguo. Je, nyumba yako ina ukuta wa kufungia sanduku? Mimi najua nyumba nyingi za upande huo ni za udongo na makuti, sikutukani. Halafu risasi, na cheti kinakutajia unaruhusiwa kuwa na ngapi. Halafu kuhuisha cheti. Halafu nauli za kufuatilia haya yote. Kabla hujaigusa bunduki, 68,000 zako zimeshaanza kukohoa.

Na tangu Desemba 2018, serikali ilipoamuru kila raia mwenye silaha ahakikiwe upya, mlango umekuwa mwembamba. Watapenda kujua unaitaka ya nini. Ukijibu "kuua viboko" umejimaliza mwenyewe. Uwindaji nchi hii ulipigwa marufuku 1977, na kiboko ni mali ya serikali hata akiwa amesimama katikati ya tikiti zako.

Nitarudi kwenye .22, chai yangu inapoa.

KijanaWaJilore
Nashukuru mzee wangu. Lakini mbona yule Mmarekani anavipokea vipande kwa posta kama viatu?

Mpwani_Ughaibuni
Hilo niachie mimi, niko Ohio mwaka wa kumi na moja, nyumbani kwetu ni Barani hapo Malindi.

Unachokiona kwenye video ni kweli, ila hawakuonyeshi kilicho nyuma yake. Sheria ya shirikisho huku imechagua kipande kimoja na kusema: hiki ndicho bunduki. Kwa zile AR-15 unazoziona mezani ni kile kisanduku cha chini ambamo mtambo wa kufyatulia hukaa. Kina namba ya usajili. Hicho hakiji na posta mpaka mlangoni. Unakwenda kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu namba 4473, wanakupekua kwenye mfumo wa FBI ulioanza 1998, ukipita unaondoka nacho. Mtutu, kitako, bolti, darubini, hivyo vingine kwa sheria ya shirikisho ni vyuma tu, ndiyo maana vinakuja kama viatu. Na hata hapo kuna majimbo yenye masharti yake mengine.

Kwa hiyo yule jamaa hajakwepa sheria, ameifuata. Wewe ukifanya vilevile Jilore umeivunja tangu kifurushi cha kwanza. Tena aina hiyo hata Bodi haiwezi kukupa: sheria ya Kenya inawakatalia raia bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe, za 7.62, za 5.56 na saizi nyingine yoyote.

Na nikuambie siri ya video hizo. Ile "nusu ya bei" huwa haina ukweli. Mtu anaanza na mtutu wa bei rahisi, wiki ya pili anaona darubini ya rafiki yake, wiki ya tatu kitako kimemchosha anataka kingine. Mimi mwenyewe niliianza moja ya kubana matumizi, mke wangu akaja kuona risiti. Hatukuongea siku mbili. Huku mwenye pesa chache kweli hajengi. Ananunua .22 ya bolti iliyotumika, ya kuvuta mkono kila risasi, kutoka kwa mzee aliyeacha kuwinda. Zamani kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilijaa zile raifo za Mosin-Nagant za Urusi, muundo wa 1891, chini ya dola mia moja. Watu walizinunua kama majembe. Sasa zimepanda, kila mtu anajuta hakuchukua mbili.

Mtaa_wa_Muyeye
Mke aliona risiti 😂 Hiyo ni silaha nzito kuliko zote.

TangaRaha
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi sheria zetu nyingine, na uwindaji wa leseni upo. Lakini kijana usichanganye. Ukiona Mtanzania ana gobori halali usidhani nawe utavuka nalo Lungalunga.

KijanaWaJilore
Sawa, ya kuunganisha nimeiacha. Mzee Shabaha, tusaidie na .22. Na mnieleze kwa nini gobori si suluhisho, maana babu zetu walilindia mashamba nalo.

ShabahaYaZamani
Nimerudi.

.22 ni bunduki nzuri sana ya kujifunzia. Haipigi kelele nyingi, haikusukumi bega, risasi zake ni rahisi kuliko zote. Kama ungekuwa na cheti na unataka kulenga shabaha kwenye uwanja uliosajiliwa, ningekwambia anza hapo na uishie hapo. Ukinunua iliyotumika, usitazame rangi ya mbao. Toa bolti, tazama ndani ya mtutu dhidi ya mwanga: mifereji ya kuzunguka iwe mikali na inang'aa, isiwe na vishimo vya kutu. Hewa ya chumvi ya pwani hii hula mtutu usiopakwa mafuta kwa msimu mmoja. Tazama na mdomo wa mtutu. Ukiwa umegongwa hata kidogo, risasi itakwenda inakotaka yenyewe. Na pesa iliyobaki usiitie kwenye darubini ya kichina, itie kwenye risasi za mazoezi. Bunduki ya bei rahisi mikononi mwa aliyefyatua mara elfu mbili inampiga yeyote mwenye ya bei ghali aliyeitundika ukutani.

Lakini wewe huna shabaha, una kiboko. Kiboko ana kilo elfu moja na mia tano na ngozi kama tairi la trekta. Na hata kwa nyani, hebu nikuulize: shamba lako linatazama wapi? Linatazama mto. Ng'ambo ya mto ni Magarini, kuna watu. Risasi ya .22, hiyo hiyo ndogo unayoidharau, ikikosa inaweza kusafiri kilomita moja na nusu. Ikigonga maji inaruka. Umekosa nyani, umempata mtoto anayechota maji. Bunduki ya marisau angalau chembe zake ndogo huanguka ndani ya mita mia tatu hivi, ndiyo maana wakulima wa nchi nyingine huipenda. Ila nayo ni cheti kile kile, na nyani naye ni mnyamapori yule yule.

Baba yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, alibeba raifo ya Lee-Enfield ya .303. Alikuwa akisema bunduki haina macho, macho ni yako, na gizani huna macho. Kiboko anakuja gizani.

Gobori nawaachia wenye hadithi zake.

AmiWaPate
Mwanangu wa Jilore, mimi ni mzee wa Pate, nimezaliwa huko kwenye visiwa vya Lamu, sasa niko Lamu mjini nimestaafu uvuvi. La gobori nitakwambia mimi kwa kuwa nimeliona kwa haya mato yangu.

Bunduki za zamani pwani hii, zile gumegume za jiwe na kisha gobori za fataki, hazikufuliwa na fundi wa kijijini kwa bomba. Zilikuya kwa majahazi na meli, zimetengezwa na watu wa kazi hiyo. Zilikuwa nyingi hata Wazungu wakakaa Brussels 1890 wakaandikiana mkataba zisiingie tena Afrika, na mwaka huo huo Waingereza wakaishukia Witu, huko bara ya Lamu, kwa manowari na askari. Gobori za mabomba ni za baadaye, za uhaba. Mtu akikosa nyama hula kunde, ndiyo hiyo.

Kulikuwa na jirani yetu akiliamia shamba lake la mahindi na gobori la kutengeza. Miaka miwili lilimtii. Usiku moya alilishindilia baruti zaidi, maana nguruwe walikuwa wengi. Lilipasukia pale penye jicho, kile kitundu cha kuwashia baruti. Hakufa. Ila mpaka alipokufa uzeeni alikuwa akifunga kikoi kwa mkono moya na meno.

Nawe baruti utaipata wapi? Hiyo nayo haramu bila karatasi.

FundiNyaya
Niongezee hesabu ya Ami. Mimi ni fundi wa mabomba na umeme Malindi. Bomba la maji la dukani hutengenezwa kustahimili msukumo wa bar kumi, kumi na sita. Tairi la matatu halifiki bar tano na mnajua likipasuka kunakuwaje. Risasi ya raifo kama hiyo .303 ya mzee Shabaha ndani ya chemba hupita bar 3,000. Elfu tatu! Hata baruti nyeusi ya gobori, ambayo ni pole zaidi, inalipita bomba mbali. Huyo fundi wa mbuzi wawili anakuuzia bomu la kuwekea shavu.

Mtaa_wa_Muyeye
Na mbuzi hakurudishii.

Rafiki_wa_Kakuyuni
Si nilisikia sasa tunatengeneza bunduki wenyewe Ruiru? Kwa nini wasituuzie wakulima kwa bei ya ruzuku kama mbolea?

ShabahaYaZamani
Kiwanda hicho kilifunguliwa Aprili 2021, na uwezo uliotangazwa ni bunduki 12,000 kwa mwaka. Ni za vikosi vya usalama. Huendi na kitambulisho ukapakiwa moja na gunia la DAP.

Msimamizi
Ujumbe mmoja hapa umefutwa na aliyeuandika amefungiwa. Alitaja mahali na bei ya "chuma kisicho na maswali". Uzi huu unabaki wazi kwa sababu kijana ameuliza kwa nia njema, lakini hatutaki tena hilo.

Kaskazi_77
Nimeuona kabla haujafutwa, na naandika ili KijanaWaJilore asije akautafuta kwingine. Mimi niliwahi kuliwa pesa. Sikutaka ya wizi, nilitaka ya halali "kwa njia ya mkato". Dalali mmoja, suti safi, ulimi wa asali, akaniambia anawajua watu, cheti kitatoka kwa wiki tatu, nimpe ya kufungulia faili. Nikampa. Kisha ya kupima akili. Nikampa. Kisha ya "mkubwa anasafiri". Hapo ndipo nilipopima akili yangu mwenyewe bila daktari. Simu haipatikani mpaka leo.

KijanaWaJilore
Nimewasoma wote. Sitaki kusema uongo, nimeudhika. Si na nyinyi. Mmarekani akikerwa na nguruwe mwitu shambani kwake anachukua bunduki yake, anapiga, jioni anachoma. Mimi nikikerwa nijaze fomu. Mwaka 1914 wazee wetu Wagiriama walikabiliana na hao hao KAR kwa mishale, bunduki zilikuwa upande mmoja tu. Miaka mia na kitu baadaye bado ziko upande mmoja. Sasa mnaniambia nifanye nini, nikeshe nikiwaimbia viboko?

ShabahaYaZamani
Hasira yako haki yako, na hilo la 1914 sikupingi, hata kama baba yangu alivaa sare hiyo miaka mingi baadaye. Lakini nguruwe mwitu wa Mmarekani si kiboko wa Sabaki. Kule walikuja na walowezi, wakazagaa, serikali yao yenyewe inawataka wapungue.

MamaWaZiwani
Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Mwanangu, mimi nalima Mpeketoni karibu na Ziwa Kenyatta. Viboko tumekua nao. Niulize mimi, usiwaulize hawa wanaume wanaopenda kuzungumzia mitutu.

Jambo la kwanza: kiboko haruki. Mwili wote ule na hawezi kupanda kizingiti cha kufika pajani mwako. Usiku anatoka majini kutafuta nyasi, anakula kilo arobaini hivi, anarudi kabla ya jua. Na ana njia yake. Ile ile kila siku, mpaka inakuwa mfereji. Kosa la vijana ni kulima juu ya njia yake halafu wanasema kiboko kawavamia. Nenda mchana na mtu mwingine, usiende alfajiri wala magharibi, ukatazame njia inapita wapi. Kama imekata shamba lako, iachie. Utapoteza mistari miwili ya tikiti, utaokoa iliyobaki. Wala usisimame kati yake na maji. Hapo ndipo anaua.

La pili: sisi tuliweka waya wa umeme wa jua. Nyuzi mbili tu. Moja chini ya goti, moja pajani. Kiboko hutanguliza pua. Ile pua ikiguswa mara moja anakumbuka.

KijanaWaJilore
Mama, nyuzi mbili tu? Zinamzuia mnyama wa tani moja na nusu?

MamaWaZiwani
Hazimzuii. Zinamkera. Akitaka kupita kwa nguvu atapita. Ila kwa nini ajisumbue na nyasi ziko pembeni?

FundiNyaya
Sasa tumefika kwenye mambo yangu. Kijana, chukua kalamu.

Ekari mbili na nusu ni mraba wa mita mia kwa mia hivi. Huhitaji kuzunguka kote, zunguka upande wa mto na pande mbili za ubavuni, mita 300. Nyuzi mbili ni mita 600. Roli moja ya waya ngumu ya mabati ya milimita 2.5, ile ya kilo 25, inatoa karibu mita 650. Roli moja basi, na kipande kinabaki cha mama kuanikia nguo. Nguzo kila mita nane, ni kama 38. Usinunue za chuma. Ukipata mazio ya mkoko, zile nguzo nyembamba, yaliyokatwa kwa kibali kutoka Lamu, yatakaa miaka, mchwa hawayataki.

Mtambo wa kusukuma umeme ni wa jua, na betri yake. Unapiga mpigo mmoja kila sekunde hivi, volti elfu kadhaa lakini kwa muda mfupi sana, kwa hiyo unaumiza bila kuua. NARUDIA KWA HERUFI KUBWA: USIUNGANISHE WAYA NA UMEME WA NYUMBA. Nimezika rafiki aliyefanya hivyo kwa ajili ya kuku. Umeme wa nyumba hauna mpigo, unakushika na haukuachi.

Waya usiguse nguzo. Mti mbichi au wenye umande unapitisha umeme. Tumia vikombe vya plastiki vya kazi hiyo, na kama pesa imeisha, vipande vya mpira wa hosi mnene vitakusogeza msimu mmoja. Kijiti cha ardhini cha mabati kipigwe palipo na unyevu, na wewe una mto, huna shida. Kinachoua fensi nyingi si kiboko. Ni nyasi. Zikikua zikagusa waya wa chini, umeme wote unaishia ardhini, unabaki na kamba ya kuanikia. Fyeka kila wiki mbili, msimu wa mvua kila wiki. Weka vibao vya HATARI vyenye picha, watoto wengine hawajajua kusoma. Na kabla hujachimba shimo la kwanza pitia KWS, shirika la wanyamapori, hapo Malindi uwaambie unachofanya, watakwambia kama njia ya wanyama inapita hapo.

Rafiki_wa_Kakuyuni
Na fidia? Si kuna fidia?

BahariYaNgomeni
Ipo kwenye Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Mtu akiuawa na mnyama ni milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3. Mazao pia yamo na kiboko yumo, ila lazima uripoti mapema, waje waone uharibifu kwa macho, upige picha kabla hujafagia. Nyani hayumo. Huyo ni wako mwenyewe.

KijanaWaJilore
Basi mnirudishe kwa nyani. Waya wa pajani si kitu kwake, atauruka akicheka.

AmiWaPate
Nyani, mwanangu, hana dawa ya kununua. Ana dawa ya kuamia tu. Wazee walijenga dungu juu ya nguzo nne, mtu akakaa na teo na mawe mviringo, tangu jua kutoka mpaka kutua, wiki mbili tatu za mwisho kabla ya kuvuna. Nyani ana hesabu: akimwona mwanamke au mtoto hasogei sana, akimwona mwanamume mzima huanza kufikiri. Kwa hiyo usimtume ndugu yako mdogo. Kaa wewe. Na ukimtia khofu kiongozi wao siku ya kwanza, wengine humfuata.

Na usiwatilie sumu. Sumu haijui nyani na mbwa wa jirani.

MamaWaZiwani
Ami kasema kweli la wanawake. Mimi huvaa koti na kofia ya mume wangu. Siku tatu za kwanza linafaa.

Mtaa_wa_Muyeye
Siku ya nne nyani anakuamkia "shikamoo mama".

Mpwani_Ughaibuni
Hapa Ohio jirani yangu ana bunduki kumi na nne na kulungu bado wanamaliza kabichi zake. Nawaambia tu.

KijanaWaJilore (baada ya miezi minne)
Salamu wote. Samahani nilipotea, nilikuwa juu ya dungu.

Sikununua bunduki. Fundi wa mbuzi wawili nilimpigia nikamwambia mbuzi wamekufa. Nilikwenda KWS Malindi, askari mmoja akaja na pikipiki, akaniambia njia ya viboko inapita pale pale nilipopanga kulima, nikasogea mistari mitatu badala ya miwili. Waya, mtambo, betri, nguzo na vibarua vimenitoka 53,400. Mazio sikupata, nimetumia mwarobaini. Roli ilibaki mita 31, mama ameshazichukua.

Usiku wa tatu baada ya kuwasha nilisikia mguno mmoja mkubwa upande wa mto, kisha maji. Asubuhi nikaona nyayo zimekuja mpaka hatua moja kutoka kwenye waya, zimegeuka, zimefuata uzio mpaka kwenye njia yao ya zamani. Sahani za pilau, lakini nje. Nimepiga picha, nitaiweka nikipata mtandao mzuri.

Nyani wamechukua tikiti kumi na saba. Nimehesabu. Dungu linaumiza mgongo na teo siliwezi, jiwe la kwanza nilimpiga mwembe wa babu. Lakini kumi na saba si shamba zima. Gari lilikuja juzi, limejaa.

Elfu kumi na nne na mia sita zilizobaki nimerudisha kwenye chama.

Mtaa_wa_Muyeye
Lete moja Muyeye tuonje kama ni kweli.

MamaWaZiwani
Alhamdulillahi. Nimefurahi kama ni langu.

ShabahaYaZamani
Hongera kijana. Dungu lako umeelekeza upande gani?

KijanaWaJilore
Juu, kwenye miembe, nione pande zote mbili.

ShabahaYaZamani
Hapo umechagua kama askari.

FundiNyaya
Mvua imenyesha huku mjini siku nne mfululizo. Nyasi chini ya waya umezifyeka?

KijanaWaJilore
Kesho asubuhi, Mungu akipenda.

FundiNyaya
Leo. Kiboko hana kesho.

KijanaWaJilore
Haya, nashika panga.